Kicheko cha Esta katika nchi ya shaba

Wakristo wa Kolwezi wanakijua Kitabu cha Esta, ila kanisani husomwa kwa utulivu. Wayahudi hukisoma kwa makelele. Siku ya Purimu, tarehe 14 ya mwezi wa Adari, msomaji akilifikia jina la Hamani, mkuu aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, sinagogi zima hulipuka: watoto waliovaa vinyago hutikisa kayamba, wazee hupiga miguu sakafuni, jina hilo lisisikike. Na kisa chenyewe kinachekesha kweli. Mfalme anamuuliza Hamani, mtu anayestahili heshima afanyiwe nini? Hamani, akidhani ndiye anayesemwa, anataja mavazi ya kifalme na farasi wa mfalme. Haya basi, anaambiwa, mvishe Mordekai, yule Myahudi unayemchukia, umwongoze mjini ukimtangaza. Na mti aliomsimikia Mordekai, akatundikwa yeye.

Miongoni mwa walioileta sikukuu hii Katanga ni Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, wafanyabiashara waliozungumza Kiladino, Kihispania cha mababu zao. Walianza kuja mwanzoni mwa karne ya 20, wakafungua maduka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kisha wengine wakaifuata migodi hadi Likasi na Kolwezi. Nissim Soriano, baba yake mwanasiasa Moïse Katumbi, alikuwa mmoja wa watu wa Rhodes. Sinagogi la Elisabethville lilijengwa mwaka 1930. Mwaka 1937 akafika Rabi Moïse Levy, akawahudumia kwa miongo mingi.

Purimu ya watu hawa ina kitafunwa ninachokipenda kuliko vyote vya sikukuu hiyo: folare. Yai la kuchemsha huwekwa juu ya kinyunga, likazungushiwa vipande vya unga kama nondo za dirisha, kisha huokwa. Yai ni Hamani, yuko gerezani. Watoto humla.

Wanaodhani huo ni mchezo tu wakumbuke Julai 1944, Wanazi walipowasomba Wayahudi wa Rhodes wapatao 1,700 hadi Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa kama 150. Maduka ya Katanga yalijaa watu waliofiwa na mama, dada, kijiji kizima cha jamaa. Februari iliyofuata Purimu ilifika kama kawaida, na sheria yake haina msamaha kwa mfiwa: usikilize kisa cha Esta, umpelekee rafiki vyakula vya aina mbili, uwape maskini wawili sadaka, ule na ufurahi. Naamini furaha ya namna hiyo inahitaji ujasiri mkubwa kuliko kilio.

Baada ya uhuru wa Kongo wa 1960, na zaidi baada ya Rais Mobutu kutaifisha maduka ya wageni mwaka 1973, wengi walihama. Folare sasa huokwa Brussels na Cape Town, na watu waliozaliwa Katanga.