FUNDI WA UCHUMI: NANI AITWE, NA AFANYE KAZI GANI?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kila mmoja na awe na daftari lake na kalamu. Msimamizi wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matatu: mtaalamu, fedha za kigeni, hadidu za rejea. Tutayaeleza moja baada ya jingine.

Leo tutazungumza habari ya kumwajiri mtaalamu wa kazi za Serikali, ili asaidie kuinua uchumi ulioanguka. Mtaalamu ni mtu aliyejifunza kazi fulani sana, akaifanya miaka mingi, hata akaijua vema kuliko watu wengine.

Tuanze na nyumba. Makuti yakivuja mahali pamoja, mwenye nyumba hupanda mwenyewe akaziba. Lakini nguzo zikioza, hana budi kumwita fundi. Kabla ya kumwita hujiuliza maswali matano. Fundi huyu anaijua kazi? Anaaminika? Kazi yake itaanza wapi na kuishia wapi? Nani atamlipa? Na akiondoka, nani ataitunza nyumba? Serikali nayo yapasa ijiulize maswali haya haya. Mkiyashika hayo matano, mmelishika somo zima.

FOLENI ZA KARIAKOO

Wazee waliokuwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka. Mtu aliamka alfajiri akaenda Kariakoo kupanga foleni. Mara nyingine hakujua foleni ni ya kitu gani. Aliingia kwanza, akauliza baadaye. Sabuni, sukari, unga, mafuta ya kupikia, khanga, vyote vilikuwa adimu. Bei iliyowekwa na Serikali ilikuwa ndogo, lakini bidhaa zenyewe hazikuwapo. Zile chache zilizokuwapo ziliuzwa kwa siri, kwa bei ya ulanguzi.

Mambo yalifikaje hapo? Sababu zilikuwa nyingi. Bei ya petroli ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikalazimika kuanzisha reli yake, ndege zake na posta yake. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita vile vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi sana. Bei ya kahawa, iliyokuwa nzuri mno mwaka 1977, ikashuka. Yalikuwapo na makosa ya nyumbani. Mashirika mengi ya umma yalipata hasara, na mkulima alilipwa kidogo, tena kwa kuchelewa.

Basi nchi ikapungukiwa na fedha za kigeni. Fedha za kigeni ni dola, pauni na fedha nyingine za nchi za nje. Tunazipata kwa kuuza kahawa, pamba, korosho na vitu vingine. Kwa fedha hizo hununua petroli, dawa na vipuri. Kiwanda cha sabuni kikikosa kipuri kimoja tu, mashine husimama. Mashine ikisimama, foleni ya Kariakoo hurefuka.

UGOMVI WA SHILINGI

Serikali ilikwenda kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Shirika likasema, pamoja na mambo mengine, kwamba shilingi ishushwe thamani.

Sikilizeni mfano huu. Mwaka 1979 dola moja ilikuwa sawa na shilingi 8 hivi. Tuseme ishushwe hata dola iwe shilingi 16. Kahawa inayouzwa nje kwa dola moja sasa italeta shilingi 16, na mkulima aweza kulipwa zaidi. Hilo ni jema. Lakini anayenunua dawa ya dola moja kutoka nje naye atatoa shilingi 16 badala ya 8, na mgonjwa ndiye atakayeumia. Hilo ni gumu.

Kwa hiyo kila upande ulikuwa na hoja yake. Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu tangu mwaka 1966, wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha. Yeye aliona yafaa kupatana na Shirika. Rais Julius Nyerere alikataa. Mwaka 1979 Mtei akajiuzulu. Huko maofisini Posta watu walibishana, na huku Kariakoo watu waliendelea kupanga foleni.

WATU WATATU WALIOITWA

Watu wawili wakigombana, humtafuta wa tatu ambaye wote wawili wanamheshimu. Ndivyo ilivyofanyika. Mwaka 1981 Serikali na Benki ya Dunia zilikubaliana kuunda kundi dogo la washauri. Kazi yao ilikuwa kutazama hali ya uchumi na kusaidia kutengeneza mpango wa kuurekebisha.

Washauri hao walikuwa watatu. Wa kwanza ni Ernst Michanek, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Sweden. Wa pili ni Cranford Pratt, Mkanada. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipofunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani. Wa tatu ni Gerald Helleiner, Mkanada pia, mtaalamu wa uchumi, aliyeongoza ofisi ya utafiti wa uchumi chuoni hapo katika miaka ya 1960.

Tazameni jinsi walivyochaguliwa. Kazi waliijua. Nchi hii waliijua pia, maana hawakuwa wakiona mitaa ya Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Tena pande zote mbili ziliwakubali. Hayo ni majibu ya swali la kwanza na la pili.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji alipona? Hapana, si mara ile. Washauri walifanya kazi yao, na mwaka 1982 Serikali ikatoa mpango wa kurekebisha uchumi. Lakini ugomvi wa shilingi ulikuwa haujaisha, na fedha za kutosha za kuutimiza mpango hazikuja. Mwaka 1983 Serikali ilianza kuwakamata walanguzi, lakini maduka hayakujaa kwa ajili hiyo.

Hapa tunapata funzo kubwa. Mtaalamu aweza kuonyesha njia, lakini hawezi kutembea kwa miguu ya mwenye safari. Wenye nchi wasipokata shauri, karatasi yake hukaa kabatini.

Shauri lilikatwa polepole. Katika bajeti ya Juni 1984 shilingi ilishushwa, dola ikawa shilingi 17 hivi. Tena watu wenye fedha za kigeni zao wenyewe wakaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka ya Kariakoo yakaanza kujaa tena nguo, sabuni na vyombo. Bei zilikuwa kubwa, na mwenye mshahara mdogo alitazama tu. Mwezi wa Agosti 1986, Serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa.

SIKU YA TATU MPE JEMBE

Ipo methali nyingine juu ya mgeni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini katika kazi ya utaalamu, jembe lazima lirudi mikononi mwa mwenyeji.

Mwaka 1994 Serikali na nchi zinazotoa misaada ziligombana tena. Safari hii ugomvi ulikuwa juu ya kodi zisizokusanywa na misamaha ya kodi. Likaundwa kundi jingine la washauri, na Denmark ikagharimia. Mwenyekiti alikuwa Helleiner yule yule. Lakini sasa kundi lilikuwa la watu watano, na wawili kati yao walikuwa Watanzania, walimu wa uchumi: Ibrahim Lipumba na Benno Ndulu.

Taarifa yao ilitolewa mwaka 1995, nayo haikumpendelea mtu. Waliwaambia wafadhili kwamba wanaingilia mno kazi za Serikali, na kwamba miradi yao mingi, kila mmoja na hesabu zake, inaichosha nchi. Waliiambia Serikali kwamba yapasa isimamie mipango yake yenyewe, ikusanye kodi sawasawa na kupiga vita rushwa. Mwaka uliofuata, 1996, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi.

Hesabuni sasa. Mwaka 1981 washauri walikuwa watatu, na hakuna Mtanzania hata mmoja. Mwaka 1995 walikuwa watano, na Watanzania wawili. Na mwaka 2008 Ndulu akawa Gavana wa Benki Kuu, akaiongoza miaka kumi. Hilo ndilo jibu la swali la tano: fundi akiondoka, nani ataitunza nyumba? Ataitunza mwana wa nyumba aliyefanya kazi pamoja na fundi.

KARATASI YA KAZI

Yamebaki maswali mawili, la mipaka ya kazi na la malipo. Hapo ndipo tunapokutana na maneno yale ya ubaoni: hadidu za rejea. Ni maneno ya kiofisi. Maana yake ni karatasi inayosema kazi ni ipi, imalizike lini, na mtaalamu atoe taarifa kwa nani. Mtaalamu asiye na karatasi hiyo ni kama fundi aliyeambiwa tu, "Tengeneza nyumba." Atabomoa ukuta usiokuwa na kosa.

Siku hizi kazi nyingi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi hupelekwa kwa intaneti, na wanaofaa huitwa kwenye usaili. Mtaalamu wa muda mfupi mara nyingi hupatikana kwa zabuni. Ninyi mnaojua kusoma sasa mwaweza kulisoma tangazo la namna hiyo. Tazameni majukumu, sifa zinazotakiwa, na muda wa kazi. Ulizeni pia nani analipa. Akilipwa na mfadhili, ni vizuri kujua kama atamsikiliza mwenye nchi au mwenye fedha. Akilipwa kwa mkopo, sisi sote na watoto wetu ndio watakaoulipa.

Shida hazikwisha mwaka 1986. Tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, wakati ugonjwa wa UVIKO-19 nao ulikuwa umeziumiza biashara. Mwezi wa Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao Mnazi Mmoja, ikaundwa kamati ambamo wafanyabiashara wenyewe waliingia.

Mnazi Mmoja ni katikati ya Posta na Kariakoo. Mtaalamu wa kuinua uchumi naye yafaa asimame hapo: asome hesabu za maofisini, awasikilize na watu wa sokoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Fedha za kigeni ni nini? Taja vitu vitatu tunavyonunua kwa fedha hizo.
2. Shilingi ikishushwa thamani, nani hufaidika na nani huumia?
3. Kwa nini washauri wa mwaka 1981 walikubaliwa na pande zote mbili? Kwa nini mpango wa mwaka 1982 haukutimia?
4. Chama chenu cha ushirika kimepata hasara, nanyi mnataka kumwajiri mtaalamu wa hesabu. Andikeni hadidu za rejea zake kwa mistari mitano.

Someni majibu yenu kwa sauti darasani.