Mchwa na Sisimizi: Umdhaniaye Ndiye Siye

Wasikilizaji wapenzi, juma hili tuwazungumzie wadudu wawili ambao kila mkazi wa mjini anawafahamu: mende, anayetamba jikoni taa zikizimwa, na mchwa, anayetafuna milango na kenchi za paa. Ukimwuliza mtu mchwa ni ndugu wa nani, atakujibu upesi kwamba ni ndugu wa sisimizi na siafu. Ana sababu. Wote huishi kwa makundi, wana malkia, wana wafanyakazi na askari. Lakini wahenga walisema, umdhaniaye ndiye siye. Kwa ukoo, mchwa ni mende.

Jambo hili lilianza kushukiwa zamani. Mwaka 1934 mtaalamu wa Marekani, L. R. Cleveland, na wenzake walieleza habari za mende wa porini aitwaye Cryptocercus. Mende huyo hukaa ndani ya magogo yaliyooza, baba, mama na watoto pamoja, na chakula chake ni mti. Tumboni mwake mna vijidudu vinavyomsaidia kuusaga mti huo, na vijidudu vya jamii hiyo vimo pia katika matumbo ya aina nyingi za mchwa. Mtoto hazaliwi navyo. Huvipata kwa wazazi wake. Akiachwa peke yake mapema, atakula mti lakini hautamfaa kitu. Kwa hiyo familia hulazimika kukaa pamoja, na huenda hapo ndipo safari ya kuelekea kwenye kichuguu ilipoanzia.

Hata hivyo, kufanana si ushahidi wa kutosha. Ushahidi ulitoka katika vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe hai za mwili. Mzazi humwachia mtoto nakala, na katika kunakili, makosa madogo hutokea. Ukikuta vitabu viwili vyenye makosa yaleyale mahali palepale, utajua vimetokana na kitabu kimoja. Ndivyo wataalamu wanavyoutambua ukoo.

Mwaka 2007 watafiti wa London walilinganisha jeni tano za mende, mchwa na vunjajungu wa aina nyingi. Mchwa waliangukia katikati ya ukoo wa mende, jirani kabisa na yule wa kwenye magogo. Mwaka 2018 ikatangazwa jenomu, yaani kitabu kizima cha urithi, ya mende mdogo wa jikoni, pamoja na ya mchwa mmoja. Hapo tofauti na sisimizi ikazidi kuwa wazi. Sisimizi, ambaye ni wa ukoo wa nyuki na nyigu, ameongeza mno jeni za kunusa za aina moja. Mchwa na mende wameongeza za aina nyingine. Wote wamefika kwenye malkia na askari, lakini kila mmoja kwa njia yake.

Je, haya yanamhusu nini mwenye nyumba? Yanamhusu sana. Mwaka huohuo wa 2018 wanasayansi wa China walitangaza jenomu ya yule mende mkubwa mwekundu wa mashimo ya choo. Ina herufi zipatazo bilioni 3.4, kupita za binadamu. Ndani yake walihesabu jeni 522 za kuonja, nyingi zikiwa za kutambua uchungu. Na uchungu, msikilizaji, mara nyingi ndiyo alama ya sumu.

Mwaka 1993 huko Marekani iliripotiwa kwamba baadhi ya mende wadogo walikuwa wakikataa chambo chenye sukari ya glukosi. Mwaka 2013 ikafahamika sababu: katika vinywa vyao, glukosi huamsha mishipa ya fahamu ya kuonja uchungu. Chambo kiliwaua waliopenda utamu. Walioukataa wakabaki, wakazaa, wakarithisha. Mende hao hawakufundishwa na mtu. Ni sisi tuliowachagua kwa sumu yetu.

Basi anayetegemea sumu moja miaka nenda miaka rudi anawachuja mende, anawabakiza wagumu. Afadhali kufunika chakula, kukausha maji yanayovuja na kuziba nyufa, kwa maana hakuna jeni ya kumwezesha mende kuishi bila kula wala kunywa. Hadi juma lijalo, kwaherini.