Kabla ya Kumlipa Fundi wa Tovuti

Mabango yaliyo kando ya barabara ya Embu kwenda Meru yanasema mengi kwa maneno machache. Runyenjes, Chuka, Nkubu hadi Makutano pale Meru mjini, utasoma jina la duka, nambari ya simu, nambari ya tili ya M-Pesa, na siku hizi jina la Facebook limebanwa kwenye kona. Anwani ya tovuti huioni sana. Ukiiona, hebu iandike kwenye simu yako uone itakupeleka wapi. Usishangae ikikataa kufunguka, au ikifunguka na kukuletea matangazo ya kamari.

Wapo wanaosema tovuti zimepitwa na wakati kwa kuwa kila mtu yuko WhatsApp. Wana hoja. Mwenye kibanda cha nguo soko la Gakoromone, anayetundika picha za mzigo mpya kwenye statasi asubuhi na kufikia adhuhuri ameshauza nusu, hahitaji tovuti, na fundi anayemshawishi aitengeneze anamlia pesa. Lakini kuna biashara ambazo mteja wake bado hana nambari yako. Lojingi iliyoko Maua. Mtengenezaji wa mizinga ya nyuki kule Mbeere. Mwenye kitalu cha miche ya makadamia Runyenjes. Mteja wa hawa yuko Nairobi, au yuko Dallas (ile ya Texas, si mtaa wetu wa Embu mjini) akipanga kumnunulia baba yake miche ya nusu ekari. Huyo hana wa kumuuliza ila simu yake.

Kuwapa watu kama hawa tovuti si wazo geni. Mwaka 2011 Google, kwa ushirikiano na KeNIC, shirika linalosimamia majina yote ya intaneti yanayoishia na .ke, pamoja na washirika wengine wa humu nchini, ilianzisha mpango wa kuwawekea wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti bila malipo. Baadaye Google ikaja na njia rahisi zaidi. Ukishasajili biashara yako ionekane kwenye ramani yake, ungeweza kubonyeza mara chache ukapata ukurasa wako, wenye anwani inayoishia na business.site. Haukuwa mbaya hata kidogo. Ulikuwa na picha, saa za kazi, ramani na kitufe cha kupiga simu.

Machi 2024 Google ikazizima tovuti hizo, dunia nzima. Kwa muda, aliyefungua anwani ya zamani alipelekwa kwenye maelezo ya biashara katika ramani. Kufikia Juni mwaka huohuo hata hilo likakoma. Aliyekuwa amechapisha anwani ile kwenye bango, kadi na vitabu vya risiti alibaki na anwani ya nyumba isiyokuwepo. Hakuwa na wa kumlalamikia, kwa sababu anwani ile haikuwa yake tangu mwanzo.

Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza iende kwenye jina. Jina la .co.ke huuzwa takriban Sh1,000 hadi Sh1,500 kwa mwaka, na bei hutofautiana kwa mawakala. KeNIC yenyewe ndiyo inayotunza daftari. Mnunuzi wa kawaida hupitia kwa mawakala iliowaidhinisha. Kazi yote ni ya robo saa kwenye simu, na malipo ni ya M-Pesa.

Robo saa hiyo ndiyo wengi huwaachia mafundi. Meru na Embu hazina uhaba wa vijana wanaojua kazi hii, ukizingatia kuna chuo kikuu Nchiru na kingine Embu. Kijana anakuja dukani, anaelewa haraka, bei yake ni ya kirafiki. Mama mwenye duka anauliza jina litasajiliwaje, naye anajibu, "Mama, hiyo niachie mimi, usijali." Wala hana nia mbaya. Anatumia barua pepe yake kwa sababu iko karibu, na nenosiri analolijua yeye. Mwaka ukiisha, notisi ya kulipia jina inaingia kwenye barua pepe ya kijana, ambaye sasa ameajiriwa Nairobi au yuko Qatar na laini ya Safaricom ameizima. Jina lisipolipiwa hufungwa, na baada ya muda huachiliwa liuzwe kwa yeyote. Matangazo ya kamari niliyoyataja hupata nafasi hapo, maana kuna watu kazi yao ni kuokota majina yaliyoachwa.

Kwa hiyo akaunti kwa wakala ifunguliwe kwa barua pepe yako wewe mwenye biashara, na nambari ya simu yako. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi yake, kisha akimaliza ubadilishe nenosiri mbele yake, bila ugomvi. Kama tayari una tovuti na hujui ilisajiliwaje, tafuta jina lako kwenye tovuti ya KeNIC uone ni wakala gani anayelishikilia na muda wake unaisha lini. Afadhali kumpigia fundi leo, kabla hajabadilisha nambari.

Pa kuweka kurasa zenyewe si jambo la kukukosesha usingizi. Blogger na Google Sites zinakubali kubeba kurasa zako bure chini ya jina lako la .co.ke. Ndiyo, hizo nazo ni za Google, na siku moja zinaweza kwenda njia ya wenzao wa 2024. Ila safari hiyo utahamisha kurasa kwingine, jina libaki lilelile, na mteja wa Dallas asijue kuna kilichotokea. Na fundi akikutoza pesa kila mwaka za cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli juu ya ukurasa, muulize kama amesikia habari za Let's Encrypt, inayotoa vyeti hivyo bure tangu 2015.

Turudi kwa mwenye kitalu wa Runyenjes. Ukurasa mmoja unamtosha. Juu kabisa, jina na nambari ya simu ambayo ukiigusa inapiga. Chini yake, aina za miche iliyopandikizwa, maana mnunuzi wa makadamia anayejua anachotafuta hataki kusikia "miche bora"; anauliza kama kuna KRG-15, MRG-20 au EMB-1, na mche ni pesa ngapi. Bei iandikwe. Najua wengi huificha ili mteja apige simu wapatane, lakini aliye mbali haoni bei, anafunga ukurasa na kufungua wa mwingine. Kisha maelekezo kwa lugha ya dereva wa matatu: ukitoka Embu, ushukie steji gani, uvuke upande upi, uulize nani. Ramani iwepo pia, lakini maelekezo ndiyo yanayomfikisha mtu.

Picha ndizo huharibu kazi nzuri. Picha moja iliyopigwa kwa simu za siku hizi huwa na megabaiti 4 au zaidi. Weka kumi na mbili jinsi zilivyo, na umemtaka mteja apakue megabaiti 48 ili aone miche. Akiwa na bando ya shilingi ishirini, atakuacha kabla picha ya pili haijatokea. Zipunguzwe upana hadi pikseli 1,000 hivi, ziwe na kilobaiti 150 au chini. Programu za bure za simu hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Halafu picha nne tu zinatosha, mojawapo ikiwa ya karibu, ionyeshe pale mche ulipopandikizwa. Mkulima ataivuta kwa vidole aikague kama anavyokagua mbuzi sokoni.

Maneno yawe machache, na yasiwe yale ya kusema sisi ni vinara wa suluhisho bunifu zinazomweka mteja mbele. Sijui nani aliyeyaleta Mlima Kenya, ila yamejaa.

Nambari ya tili ikiwekwa, jina linalosomeka kwenye ujumbe wa M-Pesa lilingane na jina la tovuti. Anayetuma pesa akiwa mbali, akiona jina lingine asilolijua, atadhani ametapeliwa, na huwezi kumlaumu.

Mwenye lojingi Maua ana la ziada. Mafundi hupenda kumwekea fomu ya kuhifadhi chumba, inayouliza jina, simu na nambari ya kitambulisho cha mgeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka azilinde taarifa hizo, na kanuni za 2021, zinazowasamehe wafanyabiashara wadogo wengi kujisajili kwa Kamishna wa Data, haziwasamehe wa sekta ya hoteli hata wawe wadogo namna gani. Usajili huo asiupuuze. Fomu, hata hivyo, anaweza kuikataa. Vyumba kumi na viwili vinajazwa kwa simu na WhatsApp, na kitabu cha wageni kiko pale mapokezi.

Mwenye kitalu naye atazame kalenda. Miche hutafutwa kabla ya mvua za Oktoba na zile za Machi, kwa hivyo Septemba na Februari ndiyo miezi ya kufungua ukurasa wake kwa simu ya mtu mwingine, kugusa ile nambari aone kama inaita kwake, na kurekebisha bei. Na mauzo yakiwa mazuri Novemba, alipie jina miaka kadhaa kwa mpigo.