Kirejeshi -po- katika Majibu ya Serikali Bungeni

Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalipa Bunge mamlaka ya kumwuliza Waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maswali kuhusu maji, barabara na zahanati aghalabu huundwa kwa kiulizi "lini": "Je, ni lini Serikali itajenga zahanati?" Muundo huu huchukulia kwamba ujenzi utafanyika; kinachotafutwa ni tarehe tu. Jibu lililozoeleka ni kwamba ujenzi utaanza "fedha zitakapopatikana". Mwulizaji aliomba tarehe, naye amepewa kishazi. Kirejeshi -po- kinaashiria wakati pasipo kuubainisha. "Zikipatikana" lingalau lingekiri shaka. Kauli ya kutendeka, nayo, humwondoa mtenda: fedha hupatikana kana kwamba hakuna azitengaye, ilhali makadirio ya bajeti huandaliwa na Serikali hiyo hiyo inayojibu. Ndipo linapokuja swali la nyongeza, ambalo huulizwa papo hapo. Mbunge anayeuliza, "Serikali imetenga kiasi gani mwaka huu?" humrejesha mtenda katika nafasi ya kiima, na jibu linalotakiwa ni tarakimu, hata ikiwa ni sifuri.