Umeme Ukikatika, Zima Mashine

Tunaandika juu ya msumeno wa mota, ule wa kupasulia mbao katika atelye.

Hapa Bukavu umeme wa Ruzizi unakatika bila hodi. Mashine inanyamaza, nasi tunaenda kupiga masolo inje. Lakini swichi inabaki imewashwa! Umeme ukirudi, mota inaanza yenyewe, na meno yanaweza kufika karibu mizunguko 2,900 kwa dakika. Ole wake aliye pale akifagia vumbi la mbao kwa mkono. Basi, ikinyamaza tu, zima swichi kwanza, kisha chomoa waya. Ziko swichi zinazojizima zenyewe umeme ukikatika. Hizo tunaziombea atelye zote.

Watu wanasema glavu zinalinda mkono. Hapana: jino likishika glavu, linavuta na vidole. Tena ubao ukibana meno ya nyuma, unarushwa kwako. Simama pembeni, sukuma kwa kijiti.

Wengine wetu tunajifunza kwa video za simu, hata za kulipia. Mara nyingi mule kifuniko kimeondolewa ili kamera ione meno. Kwetu atelye hakuna kamera. Kifuniko kibaki mahali pake.