Shujaa na mlango mwembamba wa Olimpiki

Tarehe 27 Julai 2024, siku moja baada ya boti kuwabeba wanariadha wa dunia nzima kwenye mto Seine, Fiji na Ufaransa ziliingia Stade de France kugombea dhahabu ya raga ya wachezaji saba kila upande. Fiji ilikuwa haijawahi kufungwa kwenye Olimpiki. Ilishinda kila mechi Rio mwaka 2016, ikarudia Tokyo mwaka 2021, na Paris nayo ilikuwa imefika fainali bila doa. Mapumziko yalipofika timu zilikuwa sare, 7–7. Ndipo Ufaransa ikamwingiza nyota wake, Antoine Dupont. Mpira wa kwanza alioupata alikimbia nao pembeni mwa uwanja, akampenyezea mwenzake aliyefunga, kisha akafunga trai mbili za mwisho mwenyewe. Filimbi ililia 28–7, na hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya wenyeji katika michezo ile.

Katika mashindano hayo hayo kulikuwa na timu moja inayozungumza Kiswahili. Kenya, inayoitwa Shujaa, ilipoteza mechi zote tatu za kundi mbele ya Argentina, Australia na Samoa. Kisha ikajikusanya, ikalipiza kisasi kwa Samoa, 10–5, na kuishinda Uruguay 19–14 katika mechi yake ya mwisho. Ilimaliza ya tisa kati ya timu 12. Anayehesabu medali pekee ataipita nafasi hiyo bila kuitazama, na atakuwa ameacha sehemu kubwa ya habari.

Kwa msomaji aliyekulia Basoko, pale maji ya Aruwimi yanapoingia mto Kongo, raga ni mchezo wa mbali. Huko, kama Kisangani na kama mkoa mzima wa Tshopo, mpira maana yake ni soka. Kwa hiyo ni haki kueleza mchezo wenyewe kwanza. Uwanja ni ule ule wa raga ya watu 15, karibu mita 100 kwa 70, ila wanaoucheza ni saba kila upande. Kipindi ni dakika saba, mapumziko dakika mbili, kisha dakika saba nyingine. Mpira hupasiwa kwa mkono, kwenda pembeni au nyuma tu, kamwe si mbele. Anayeugusisha chini nyuma ya mstari wa wapinzani amefunga trai, pointi tano. Timu yake hupewa teke la kuongeza mbili, na mpigaji lazima audondoshe mpira uguse ardhi kwanza. Dakika 14 zinasikika chache kwa asiyezicheza. Watu saba wakiulinda uwanja mpana kiasi hicho, mmoja akikosea kumkamata mpinzani hakuna wa kumfunika, na mechi inaweza kumalizika pale pale. Timu hucheza hata mara mbili kwa siku moja, na miili hugongana kila mara bila kinga yoyote ya maana.

Mchezo huu ulizaliwa mwaka 1883 Melrose, mji mdogo wa Uskoti, pale muuza nyama aitwaye Ned Haig alipotafuta njia ya kuichangia klabu yake fedha. Raga ya watu 15 iliwahi kuwa kwenye Olimpiki, mara ya mwisho mwaka 1924 huko huko Paris, Marekani ilipotwaa dhahabu. Ikatoweka. Ile ya saba iliingia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kuala Lumpur, mwaka 1998. Oktoba 2009 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ikikutana Copenhagen, iliamua kuirudisha raga kwa sura hiyo ya saba, kuanzia Rio.

Uamuzi ule ulizipa nafasi nchi ambazo kwenye raga ya watu 15 huwa hazimo miongoni mwa vigogo. Fiji, visiwa vyenye watu wasiofika milioni moja, haikuwa na medali hata moja ya Olimpiki katika mchezo wowote. Agosti 2016 iliichapa Uingereza 43–7 katika fainali ya Rio. Benki kuu yake ikatoa noti ya dola saba kuiadhimisha timu.

Kenya nayo ilikwenda Rio na matumaini yenye sababu. Miezi minne kabla, tarehe 17 Aprili 2016, Shujaa walikuwa wametwaa ubingwa wa Singapore katika msururu wa dunia wa raga ya saba, na waliyemfunga kwenye fainali ni Fiji hao hao, 30–7. Collins Injera alifunga trai mbili siku ile. Kocha alikuwa Benjamin Ayimba, nahodha wa zamani, aliyekwisha kuifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya saba huko Dubai mwaka 2009. Wakenya wengi waliamini medali imekaribia. Rio ikawajibu vingine: Uingereza, Japani na New Zealand, wote waliwafunga. Kenya ilimaliza ya 11.

Jibu jepesi ni kusema walilewa sifa. Ukweli una uzito kuliko hapo. Kushinda wikendi moja ni jambo moja. Kushindana na nchi zinazowalipa wachezaji mishahara ya mwaka mzima, zenye madaktari na wapishi wa timu, ni jambo jingine. Ujumbe wa Kenya Rio uligubikwa na kashfa ya sare na fedha za wanariadha, mambo yaliyoishia mahakamani Nairobi. Shida ya malipo haikuisha hapo. Juni 2018, kwenye mashindano ya Paris, wachezaji wa Shujaa waliingia uwanjani wakiwa wamefunika jina la mdhamini kwenye jezi zao, wakilalamikia malipo yao. Nyumbani waliitwa watovu wa nidhamu. Makala hii iko upande wao: mtu anayevunjwa mbavu kwa jina la taifa ana haki ya kuuliza posho yake iko wapi.

Ayimba alifariki Mei 2021 kwa malaria iliyopanda ubongoni, akiwa na umri wa miaka 44. Familia yake ililazimika kuomba msaada wa umma kulipia hospitali. Wasomaji wa kando ya mto Kongo hawahitaji kuelezwa malaria inavyofanya kazi. Lakini kwamba mtu aliyeiongoza nchi yake kuifunga Fiji fainali alifikia hali hiyo, hilo lingepaswa kuwaumiza wote wanaopiga makofi siku ya ushindi.

Miezi miwili baadaye timu yake ya zamani ilikuwa Tokyo. Nahodha Andrew Amonde, mchezaji aliyekuwepo pia Rio, alibeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi pamoja na Mercy Moim wa voliboli. Kenya ilipoteza mechi zote za kundi, ikiwemo ya Ireland, kisha ikaiangusha Japani nyumbani kwake, na kumaliza ya tisa kwa kuifunga Ireland hiyo hiyo, chini ya kocha Innocent Simiyu.

Njia ya kufikia hapo ni nyembamba mno. Olimpiki inapokea timu 12 tu, na mashindano ya bara la Afrika hutoa nafasi moja ya moja kwa moja. Mwaka 2015 Kenya iliipata Johannesburg kwa kuifunga Zimbabwe 21–17. Mwaka 2019, Johannesburg tena, iliishinda Uganda 31–0. Septemba 2023, Harare, ilikutana na Afrika Kusini yenyewe na kuibwaga 17–12. Ushindi huo unastahili kukumbukwa zaidi ya yote, kwa sababu Mei mwaka ule Shujaa walikuwa wameshushwa daraja kwenye msururu wa dunia baada ya kufungwa na Kanada jijini London. Timu iliyotupwa nje miezi minne tu nyuma ilimfungia mlango mkubwa huyo wa bara, akalazimika kwenda kutafuta nafasi Monaco. Juni 2024, Madrid, Kenya iliifunga Ujerumani na kurudi kwenye daraja la juu, wiki chache kabla ya Paris.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Haikuletwa na Olimpiki. Raga iliingia Kenya na walowezi wa Kiingereza. Klabu ya Nondescripts ya Nairobi ni ya mwaka 1923, na kwa miongo mingi Mwafrika hakuwa na nafasi humo. Mwaka 1977 wachezaji Waafrika walianzisha klabu yao, Mwamba, ambayo baadaye ilimtoa Injera na kaka yake Humphrey Kayange, nahodha wa Shujaa ambaye leo ni mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Shule za sekondari kama Kakamega zikaupokea mchezo. Kisha ukajengwa mzunguko wa miji: Dala kule Kisumu, Driftwood Mombasa, Prinsloo Nakuru, Christie Nairobi, Kabeberi, na Safari Sevens ya kimataifa tangu mwaka 1996. Kijana wa Kisumu humwona mchezaji wa taifa kwa macho yake, akitoka jasho kwenye nyasi zile zile anazochezea yeye. Kocha wa taifa naye humwona kijana huyo, na kuitwa kambini hakumlazimu kuhamia Nairobi kwanza.

Kongo ilirithi mambo tofauti. Wabelgiji hawakuwa watu wa raga. Kinshasa, padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, alijenga viwanja na kueneza soka, na jina lake liko mpaka leo kwenye uwanja wa jiji. Nchi haimo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo mashindano yaliyoikuza raga ya saba Kenya na Uganda hayakuwa yake. Ilipoandaa michezo yake mikubwa, ile ya nchi zinazozungumza Kifaransa, Kinshasa, kuanzia tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti 2023, kulikuwa na soka, judo, riadha, mieleka na mengineyo, raga haikuwemo.

Kwamba Wakongo hawana mwili wala akili ya mchezo huu, hilo limekwisha kukanushwa. Yannick Nyanga alizaliwa Kinshasa mwaka 1983, akaichezea Ufaransa kwenye Kombe la Dunia la raga la 2007. Kipaji kilikuwa cha Kinshasa. Shule ya kukinoa ilikuwa Ufaransa.

Ndiyo maana mfano wa kutazamwa na Tshopo unapaswa kuwa Uganda zaidi ya Ufaransa. Uganda ilianza nyuma ya Kenya, ikavumilia vipigo kama ule wa 31–0, na mwaka 2022 ikatwaa ubingwa wa Afrika nyumbani Kampala. Klabu zake kubwa, Heathens, Kobs na Pirates, zote ni za Kampala. Tangu mwaka 2022 Kongo na Uganda, pamoja na Kenya, zimo katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, na kutoka Bunia, mashariki mwa Kongo, kwenda Kampala ni karibu zaidi kuliko kutoka Bunia kwenda Kinshasa.

Raga ya saba haidai uwanja wa saruji. Inadai nyasi, mpira wa yai, nguzo mbili za mbao kila upande, kocha aliyefundishwa namna salama ya kumkamata mpinzani bila kumvunja shingo, na ratiba isiyobadilishwa kila wiki. Wanafunzi 12 wanatosha kuwa kikosi kizima. Shule moja ya Basoko, moja ya Isangi na mbili za Kisangani zinaweza kumaliza mashindano yao kwa siku moja, na usafiri wa mtoni wanaujua. Shirikisho la raga la Kongo lingeweza kuanzia hapo, likaomba makocha wawili wa Kampala kwa likizo moja ya shule, na mwaka unaofuata likapeleka timu ya vijana ya Kisangani kucheza na vijana wa Heathens na Kobs.