Je, mpiga chepkong wa Sigowet aweza kuongoza wimbo Nairobi bila kutoka nyumbani?

KWA miaka mingi, mwanamuziki wa Sigowet aliyetaka kupiga ala na wenzake wa mbali hakuwa na budi kufunga safari. Enzi za santuri, safari hiyo iliishia mjini Kericho, ambako kampuni ya A.P. Chandarana ilijipatia sifa kwa kurekodi na kuuza nyimbo za Wakipsigis pamoja na benga ya Waluo na majirani wao. Wapiga gitaa walishuka kutoka vilimani wakiwa na ala begani, wakarekodi, kisha wakarejea kuchuma majani chai. Siku hizi studio nyingi ziko Nairobi, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na malazi humla mwanamuziki kabla hajapiga noti ya kwanza.

Teknolojia ya uhalisia pepe sasa yadai kuwa imeifuta safari hiyo. Mtu huvaa miwani mikubwa inayoziba macho yote mawili, na ndani ya miwani hiyo akajiona yumo katika ukumbi mmoja na watu walio mamia ya kilomita kutoka alipo. Akigeuza kichwa, ukumbi nao hugeuka. Mwenzake akiinua mkono, naye huuona mkono huo ukiinuka. Nchini Kenya ufundi huu si mgeni kabisa: kampuni ya Black Rhino VR ya Nairobi imekuwa ikitengeneza kazi za aina hii tangu mwaka 2015. Lakini kutazama ni jambo moja, na kupiga muziki pamoja ni jambo jingine. Muziki una adui ambaye filamu haina, naye ni ucheleweshaji.

Ili kumfahamu adui huyu, ni vyema kuanzia kanisani. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Sekunde moja ikigawanywa mara elfu, kila kipande huitwa milisekunde, na katika kipande hicho kimoja sauti hutembea sentimita 34 tu. Mpiga ngoma akisimama mlangoni na kwaya ikisimama madhabahuni, mita 17 kutoka kwake, pigo lake huifikia kwaya likiwa limechelewa milisekunde 50. Kila mwalimu wa kwaya anaijua adha hiyo hata kama hajawahi kuipima: waimbaji hubaki nyuma, mpiga ngoma naye huwasubiri, na wimbo ulioanza kwa uchangamfu huishia kama maombolezo. Ndiyo maana mpiga ngoma huletwa mbele.

Watafiti wamelipima jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Chris Chafe na wenzake waliwaweka watu wawili wawili katika vyumba tofauti, wakawapigisha makofi huku kila mmoja akimsikia mwenzake kupitia vinasa sauti. Kadiri walivyoongeza ucheleweshaji ndivyo makofi yalivyozidi kupunguza mwendo. La kustaajabisha ni kwamba ucheleweshaji ulipokuwa mfupi mno, watu waliharakisha badala ya kutulia. Kwa jumla, wanamuziki wanaotegemea mdundo huanza kutatizika ucheleweshaji unapovuka milisekunde 25 au 30, sawa na kusimama mita nane hadi kumi kutoka kwa mwenzako.

Swali basi ni hili: sauti itokayo Sigowet itatumia milisekunde ngapi kufika iendako?

Mwanga ndani ya nyaya za fayaba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka vilima vya Sigowet hadi Nairobi, waya wa kilomita 300 hivi ungeila milisekunde moja na nusu pekee. Kwa hesabu hiyo, mpiga ala wa Sigowet na mwenzake wa Nairobi wako karibu zaidi kuliko watu wawili waliosimama kwenye ncha mbili za meza. Umbali si tatizo.

Tatizo liko njiani na nyumbani. Data haisafiri kwa waya mmoja ulionyooka; hupitia mitambo kadhaa ya kuielekeza, na kila mtambo huishikilia kidogo. Mtandao wa simu za mkononi, ambao ndio tegemeo la wakazi wengi wa vijijini, huongeza ucheleweshaji unaobadilika kila mara, na huko kubadilika-badilika ndiko hasa kunakoua mdundo. Mtu anaweza kuzoea mwenzake anayechelewa kwa kipimo kimoja. Hawezi kumzoea anayechelewa leo mara mbili na kesho mara tano ndani ya ubeti mmoja. Kisha kuna tarakilishi yenyewe, ambayo hukusanya sauti vipande vipande kabla ya kuituma, na vipokea sauti visivyo na waya, ambavyo vijana wengi wanavipenda lakini ambavyo peke yake huweza kuongeza milisekunde 100 au zaidi. Mwanamuziki aliyenunua miwani ya bei ghali na kuiunganisha na vipokea sauti vya aina hiyo atakuwa ameshindwa kabla ya kuanza.

Programu za kawaida za kupiga simu za video hazifai kabisa kwa kazi hii, na kosa si lao. Zilibuniwa kwa ajili ya mazungumzo, ambamo mmoja husema na mwingine husikiliza. Wawili wakitoa sauti kwa pamoja, programu huidhania sauti moja kuwa kelele na kuizima. Kenya ilijifunza hayo mwaka 2020, makanisa yalipofungwa kutokana na ugonjwa wa Covid-19. Kwaya zilizotaka kusikika mtandaoni ziliishia kumrekodi kila mwimbaji nyumbani kwake, akifuata sauti ya mwongozo masikioni, kisha fundi akaziunganisha sauti hizo baadaye. Hii ndiyo njia iliyompa umaarufu mtunzi wa Marekani Eric Whitacre tangu mwaka 2010. Matokeo yake hupendeza, ila si kuimba pamoja. Hakuna aliyemsikia mwenzake.

Kwa wale wanaotaka kusikizana papo hapo, kuna programu zilizobuniwa mahsusi. JackTrip ilitokana na kazi ya Chafe na Juan-Pablo Cáceres huko Stanford. Jamulus ilianzishwa na Mjerumani Volker Fischer. Nchini Italia, Chuo cha Muziki cha Tartini mjini Trieste kilishirikiana na mtandao wa elimu wa nchi hiyo, GARR, wakatengeneza mfumo uitwao LoLa unaotuma sauti na picha pamoja. Zote zinafuata kanuni moja: kutuma sauti ikiwa mbichi au ikiwa imekandamizwa kwa njia ya haraka isiyopoteza muda, na kutosubiri kipande kilichopotea njiani. Afadhali mkwaruzo mdogo masikioni kuliko kuchelewa.

Gharama yake ni data. Sauti mbichi ya mkondo mmoja, kwa kipimo cha kawaida cha studio, hula takriban megabaiti 345 kwa saa, na kiasi kama hicho hurudi kutoka upande wa pili. Anayenunua bando kwa siku ataelewa maana yake haraka.

Na miwani je? Hapa ndipo matangazo ya kibiashara huwachanganya watu. Miwani ya uhalisia pepe haiharakishi sauti hata kidogo. Inachokileta ni macho. Wanamuziki huongozana kwa macho kuliko wasikilizaji wanavyodhani: kiongozi hutikisa kichwa wimbo unapokaribia kugeuka, mpiga ngoma huinua kijiti juu zaidi kabla ya pigo la mwisho, mwimbaji huvuta pumzi na wenzake huvuta naye. Kwa bahati nzuri, kutuma ishara hizo ni rahisi kuliko kutuma video. Mtambo hautumi picha ya mtu bali hutuma vipimo vya mahali kichwa na mikono yake ilipo, na miwani ya upande wa pili huchora kivuli chake upya. Kwa sababu hiyo miwani inaweza kutumia data kidogo kuliko simu ya video, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Kasoro yake ni kwamba vidole bado havionekani sawasawa. Miwani ya kisasa ina kamera za kufuatilia mikono, lakini vidole vinavyokimbia juu ya nyuzi, kimoja kikimfunika kingine, huzitatiza. Kwa mpiga chepkong, ala ya nyuzi ya Wakipsigis iliyo jamaa ya nyatiti, vidole ndivyo kila kitu. Mwanafunzi atakayejifunza kwa kukitazama kivuli cha mwalimu wake atauona mkono ukisogea, asijue ni uzi upi ulioguswa. Kamera ya kawaida iliyoelekezwa kwenye nyuzi ingemfaa zaidi.

Bei nayo ina neno lake. Miwani ya Meta Quest 3S ilipotolewa mwaka 2024 ilianzia dola 299 nchini Marekani, takriban Sh38,000 kabla ya ushuru na usafirishaji. Mkulima anayelipwa Sh25 kwa kilo ya majani mabichi angelazimika kupeleka zaidi ya kilo 1,500 kwenye kituo cha kununulia chai ili aipate miwani moja, na muziki huu unahitaji angalau miwili. Katika viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, ambako bonasi imekuwa chini ya ile ya mashariki na wakulima wakilalamika, ni familia chache zitakazoweka chombo hiki mbele ya karo.

Umbali huwa tatizo halisi unapovuka mipaka. Vijana wengi wa Kericho na Bomet wako Ghuba kwa ajira, na jamii kubwa ya Wakenya imefanya makao Minnesota, Marekani. Kutoka Nairobi hadi Dubai ni takriban kilomita 3,500 angani. Hata waya ungenyooshwa bila kona, milisekunde 17 au 18 zingeishia njiani. Wawili hao wangekuwa ukingoni mwa kinachowezekana. Minnesota iko takriban kilomita 13,000, na waya ulionyooka ungehitaji milisekunde 65. Nyaya halisi hazinyooki, hivyo muda huzidi. Hakuna miwani itakayobatilisha hesabu hiyo, kwa kuwa ni kasi ya mwanga wala si udhaifu wa kampuni yoyote.

Hata hivyo hali imeboreka mno. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya Kenya na ng'ambo yalitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ardhi, na neno moja lilichukua robo sekunde kupanda na kushuka. Setilaiti za Starlink, zilizoanza kuhudumia Kenya mwaka 2023, huzunguka karibu kilomita 550 tu juu, nazo zimewafikia baadhi ya watu ambao fayaba haijawafikia. Vyuo vikuu, kikiwemo kile cha Kabianga katika kaunti hiyo hiyo ya Kericho, vina fursa ya kutumia mtandao wa elimu wa KENET, na pengine hapo ndipo jaribio la kwanza lingefaa kufanyiwa kuliko sebuleni mwa mtu.

Wanaotaka kupiga na jamaa wa Marekani wana njia nyingine, tena ya werevu. Programu ya Ninjam, iliyotolewa mwaka 2005, haipigani na ucheleweshaji. Huurefusha makusudi hadi utimie mzunguko mzima wa wimbo. Kila mtu husikia alichopiga mwenzake katika mzunguko uliotangulia. Muziki wa Ulaya unaobadilisha sauti kila mara haupatani na mtindo huo. Nyimbo za chepkong, ambazo hurudia duru moja huku mwimbaji akibadilisha maneno juu yake, huenda zikapatana nao vizuri kuliko nyingine zozote. Hali kadhalika nyimbo za kiongozi na waitikiaji: pengo dogo kati ya wito na kiitikio halimuudhi msikilizaji.

Kuna jambo moja ambalo wahandisi hawalizungumzii sana. Mwaka 1950, Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika iliyokuwa Wilaya ya Kericho, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha", jina walilompa mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers baada ya sauti yake kuwafikia kwa santuri. Wimbo huo ukasifika ulimwenguni. Nakala zake zikahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, na ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya maktaba hiyo, kwa ushirikiano na shirika la Ketebul Music la Nairobi, kuzirejesha kwa jamii iliyoziimba.

Mtambo wa Tracey ulinasa sauti pekee. Mtambo wa uhalisia pepe huchukua sauti, mwendo wa mikono, mtikiso wa kichwa na, kwa baadhi ya miwani, hata mahali macho yanapotazama, na huweza kuvihifadhi vyote katika tarakilishi za kampuni iliyo ng'ambo. Mzee anayeombwa kumfundisha chepkong kijana wa Nairobi kwa njia hii ana haki ya kuuliza, kabla ya kuvaa miwani, ni nani atakayebaki na rekodi hizo, zitatumiwa wapi, na kama wajukuu wake watazipata bila kulipa. Majibu yaandikwe kwenye karatasi, kwa lugha anayoielewa, na nakala moja ibaki nyumbani kwake.

Wasio na miwani wanaweza kuanza bila hiyo. Jamulus hupatikana bure. Kinachohitajika ni tarakilishi, kinasa sauti cha bei nafuu, vipokea sauti vya waya na intaneti ya fayaba au iliyotulia. Wawili wajaribu kwanza kupiga makofi kwa dakika moja. Mwendo ukianza kulegea, mtandao huo bado haujafaa, na itabidi kupanda matatu.